Wasichana Ishirini na Wanne Birikani

"Maji yaliyokuwa hapo uliposimama," mwalimu aliniuliza, "sasa yako wapi?"

Nilikuwa ndani ya birika, maji yamenifika kifuani, gauni langu kuukuu limefungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge ili lisielee. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne, na katika darasa hilo hapakuwa na mtu aliyenishinda kwa kukosa hesabu. Niliyatazama maji. Yalikuwa pande zote. Sikuona mahali yalipopungua.

"Sijui, mwalimu."

"Ameyanywa," alisema mmoja nyuma yangu, na wote wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, suruali ameikunja mpaka magotini, kijiti cha kupimia mkononi. "Sijui ni jibu zuri," alisema. "Ubaoni huwa unabahatisha. Hapa angalau umesema kweli. Haya, chuchumaa taratibu mpaka kichwa kizame, wenzako watuambie maji yamekwenda wapi."

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu adhani nimesahau kuiondoa. Watu wakisimulia utoto wao hupenda kuupaka asali. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu, nimefundishwa kudai ushahidi wa kila jambo, na jambo nililolidai zaidi ni hili: kwa nini watu wazima wenye akili zao, waliowapenda watoto wao, walikizima kitu kimoja kilichokuwa kikitufaa pale shuleni? Nimepewa majibu mengi. Wengine wameniambia ndivyo ilivyokuwa miaka ya hamsini. Hilo si jibu. Mwaka haumfukuzi mtu.

Shule yetu ilikuwa chini ya milima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mwatate, pale mashamba ya mahindi yanapokwisha na mistari ya mkonge inapoanza. Ilikuwa shule ya kanisa. Jumamosi jioni wazee waliondoa ukuta wa mbao uliotenga madarasa mawili, yakawa kanisa. Jumatatu asubuhi tuliurudisha ukuta, tukatundika tena picha ya malkia mpya, kanisa likawa madarasa. Sisi watoto tuliokuwa tukiubeba ukuta ule tulijua uzito wake kuliko mtu yeyote.

Walimu walikuwa watatu. Wawili walikuwa wa kwetu. Wa tatu, wa darasa la nne, alikuwa kijana kutoka Rabai, huko pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba tulidhani anasoma kitabu. Kidawida hakukijua. Alijaribu, lakini lilimkaa neno moja tu, kwawuka, ambalo ni salamu ya asubuhi, naye akalitumia asubuhi, mchana na jioni. "Kwawuka, mama," alimwambia mama yangu siku moja jua likizama. Mama alimwitikia kwa adabu, akangoja apite, kisha akanigeukia: "Huyu mwalimu wenu huamka saa ngapi?"

Mwaka aliokuja, mvua za masika ziliwachukua watoto wawili wa shule yetu, mtu na dada yake, wakivuka korongo kurudi nyumbani. Korongo lenyewe kwa miezi tisa ya mwaka ni mchanga mtupu. Tulikuwa tukicheza humo. Walizikwa, tukaomba, tukaimba, na katika mkutano wa wazazi uliofuata kila mzee aliyesimama alisema ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu wetu alisimama wa mwisho na kuuliza kama kuna mtoto yeyote pale anayejua kuogelea.

"Mwalimu," mzee mmoja alimjibu, "sisi ni watu wa milimani. Sisi si samaki."

"Hata wale wawili hawakuwa samaki, mzee."

Maneno hayo hayakupendwa. Lakini baba wa wale marehemu alikuwapo, naye alikuwa ameinamisha kichwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubisha. Walikubali kwa sharti moja, kwamba michezo hiyo ya maji isile hata dakika moja ya masomo. Mwalimu akaitika vizuri kabisa, akaenda akachora ratiba mpya. Jumanne saa nne, wasichana: Hesabu. Alhamisi saa nne, wavulana: Hesabu. Kuogelea hakukuandikwa mahali popote. Hilo peke yake linanichoma mpaka leo, kwamba ili mtoto afundishwe asife ilibidi kazi hiyo ivalishwe nguo za somo jingine. Kisha likatokea ambalo nadhani hata yeye hakulitarajia. Nguo zile zilikaa.

Birika lilikuwa la shamba la mkonge. Zamani lilijengwa la kuoshea nyuzi, halafu mashine mpya ikawekwa bondeni, birika likaachiwa mbuzi. Lilijazwa na mfereji ulioshuka kutoka milimani, ule ule ulionywesha mashamba yetu kwa zamu. Mwalimu aliomba ruhusa, akaziba nyufa kwa saruji, tukalisugua kwa makapi ya mkonge. Lilikuwa na urefu wa futi ishirini na nne na upana wa futi kumi na sita. Tulijua kwa sababu tulilipima wenyewe, mara tatu, tukapata majibu matatu, akatukataza kutoka pale mpaka tujue lipi ni la kweli.

Siku ile aliponiuliza maji yamekwenda wapi, kijiti chake kilikuwa kimesimama pembeni ndani ya bomba la mwanzi ili mawimbi yasikitikise. Tulikuwa wasichana ishirini na wanne, wa darasa la tatu na la nne pamoja. Alitutoa nje wote, akasoma kijiti. Akaturudisha, tukachuchumaa polepole tumeshika ukuta, tukazama, naye akasoma tena. Maji yalikuwa yamepanda robo tatu ya inchi.

"Yamepanda," nilisema nilipoibua kichwa. "Maji yamekwenda juu."

"Kiasi gani?"

Tulikaa juani tumelowa, tukafanya hesabu kwa vijiti mchangani. Robo tatu ya inchi ni sehemu moja ya kumi na sita ya futi. Urefu mara upana, mara sehemu hiyo. Likatoka ishirini na nne. Futi ishirini na nne za ujazo, na sisi ishirini na wanne. Kila mmoja wetu alikuwa futi moja ya ujazo. Sijawahi kuona ubaoni namba iliyonitazama usoni namna ile.

Hakuishia hapo. Futi moja ya ujazo ni galoni sita na robo, na debe la kuchotea maji ni galoni nne, kwa hiyo msichana mmoja ni debe moja na nusu na ushee. Jina likapatikana papo hapo. Rafiki yangu, yule aliyesema nimeyanywa, alikuwa mnene kuliko sisi, na kuanzia siku hiyo akaitwa Madebe Mawili.

"Madebe Mawili, sogea, unatumwagia maji."

"Sisogei. Nikitoka mimi mtabaki kwenye tope."

Wiki iliyofuata alitupeleka kwenye mizani ya robota za mkonge. Futi moja ya ujazo ya maji ina ratili sitini na mbili na nusu, na mtu ni mzito karibu sawa na maji, kwa hiyo kwa hesabu ya birika msichana mmoja alitakiwa kuwa na ratili hizo. Mimi nilikuwa na hamsini na tisa. "Nani mwongo?" aliuliza. "Mizani au birika?" Nilisema mizani. Madebe Mawili akasema hakuna mwongo, yeye ndiye aliyebeba ratili zangu tatu na nusu. Mwalimu akasema hivyo ndivyo wastani ulivyo, na kwamba katika maisha yake hajapata kusikia ukielezwa vizuri zaidi.

Masomo mengine yalifuata majini kama bata. Kila mkono mmoja uliovutwa ulikuwa silabi moja, tukitamka kwa sauti, na aliyekata neno vibaya alikosa pumzi. Mwatate ilikuwa mikono mitatu. Amri zote za birikani zilikuwa za Kiingereza, na hata leo nikilisikia lile neno lao la kuelea, miguu yangu hutaka kunyanyuka. Jumamosi moja tulifuata mfereji kwa miguu mpaka juu, kwenye msitu wa ukungu, tukaona maji yakidondoka kutoka kwenye matawi yenye kuvumwani, tone kwa tone.

"Yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Na baada ya kwenu?"

"Voi."

"Na baada ya Voi?"

Kisha Madebe Mawili: "Yanakufa mchangani."

"Maji hayafi, binti."

"Basi yanakwenda wapi, mwalimu?"

"Hilo tutalitafuta," alisema, na nadhani alikuwa na nia ya kweli.

Sasa nije kwenye mdomo wangu.

Tatizo letu kubwa lilikuwa woga wa maji usoni. Mwalimu alitufundisha kuuondoa hivi: unajaza maji mdomoni, unayapuliza yote mbele kwa nguvu, kisha unaingiza uso majini na kupuliza tena. Tulikuwa tukilia. Tulikuwa tukikohoa. Siku ya tatu au ya nne, nilipokuwa nimejaza mdomo, nilimkumbuka nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mtu wa kutasa. Asiyejua aelewe hivi: wazee wetu waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni humgonjesha mtu mwingine, mtoto au hata mnyama, na kwamba dawa yake ni mwenye hasira kuitoa. Alichota maji au maji ya miwa, akajaza mdomo, akayapuliza nje kwa mnyunyizo, huku akisema maneno ya kuiachilia. Kanisa lilikuwa limekataza. Aliyekamatwa akitasa alitengwa na meza ya Bwana. Nyanya alikuwa akitasa nyuma ya nyumba alfajiri, kabla mama hajaamka, na mimi niliyelala naye nilikuwa nikimchungulia. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili: kama nimemkasirikia mtu, hasira itoke, kama nimemkasirikia mtoto, mtoto apone, na mbuzi wa jirani apone naye, ingawa amekula maharagwe yangu.

Nilipuliza maji, na kwa sauti ya nyanya ya kutetemeka, kwa Kidawida, nikasema yote, mpaka maharagwe.

Wasichana walicheka hata mmoja akapaliwa. Halafu wakajaribu wao. Fuuu, kama nimemkasirikia mtu. Fuuu, na mbuzi wa jirani. Aliyekuwa akilia dakika moja kabla alikuwa akirusha maji mbali kuliko wote. Hofu ilikwisha asubuhi ile, siongezi chumvi.

"Mnasema nini?" mwalimu aliuliza kutoka ukingoni.

Tulitazamana. "Ni wimbo, mwalimu," Madebe Mawili alisema. "Wa kufukuza woga."

"Basi uimbeni kila siku. Mnapuliza vizuri zaidi mkiimba."

Tukauimba muhula mzima. Kila Jumanne saa nne, watoto ishirini na wanne wa shule ya kanisa walisimama kwenye birika la mkonge, wakajaza midomo maji, wakaipulizia mbali hasira ya nyanya yangu, na mwalimu wao akawapigia mdundo kwa makofi.

Aliyetuona alikuwa mzee wa kanisa aliyesimamia zamu za mfereji. Maji yalikuwa yamepungua shambani kwake, akaufuata mfereji kujua nani anayaiba, akatokea nyuma ya mkonge wakati ule ule. Alisimama akasikiliza, akageuka, akaenda zake. Mzee huyo alikuwa jirani yetu. Mbuzi alikuwa wake.

Jumamosi iliyofuata tuliitwa kanisani pamoja na wazazi. Ukuta wa mbao ulikuwa umeondolewa ingawa haikuwa bado jioni. Msimamizi wa shule za kanisa alikuja kwa pikipiki kutoka Wundanyi. Mwalimu aliketishwa peke yake kwenye dawati letu la mbele, magoti yakimgonga mbao kwa urefu wake. Mzee alisimama, akaeleza kwa Kidawida kwamba shuleni watoto wanafundishwa kutasa. Ukumbi ukavuma. Msimamizi na mwalimu walikuwa wakitazamana tu kwa kutoelewa, mpaka mzee akarudia kwa Kiswahili, akiwageukia, ili mshtakiwa naye ajue ameshtakiwa nini.

"Niliyasikia kwa masikio yangu," alisema, na akayarudia maneno yote kwa Kidawida, neno kwa neno, kwa sauti ya kuhubiri. Hasira itoke. Mtoto apone. Alipofika kwenye mbuzi wa jirani na maharagwe, watu walianza kukohoa kuficha kicheko. Yeye hakuona. Mtu hajui kamwe kwamba jirani anayesemwa ni yeye. Lakini mama alikuwa ameyatambua maneno ya mama yake mzazi. Aligeuza shingo polepole akanitazama, na katika maisha yangu sijatazamwa hivyo tena.

"Mtoto aliyeyaleta maneno haya shuleni," mzee akasema, "atatoka shule leo hii. Mtihani hatafanya."

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa umebaki wiki sita. Aliyefaulu aliendelea na darasa la tano. Aliyeshindwa, hasa akiwa msichana, alirudi kwa jembe. Hapakuwa na mlango wa tatu. Baba alikuwa kazini kwenye reli Voi na alikuwa amesema wazi kwamba nisipopita hataniombea nafasi mahali pengine. Na ni kipindi hicho tu, baada ya miaka minne ya kupigwa viboko kwa ajili ya hesabu, nilikuwa nimeanza kuzipata.

Tulipangwa mstari. "Nani aliwafundisha maneno haya?" kila mmoja aliulizwa.

"Sijui, mzee."

"Sijui, mzee."

Madebe Mawili alikuwa mbele yangu. "Sijui, mzee. Mimi huwa nameza tu."

Kisha mimi. Alinisogelea mpaka nikaona nywele za puani mwake. Mwalimu alikuwa ananitazama pia, si kwa ukali, kama anavyotazama kijiti akingoja maji yatulie.

"Sijui, mzee," nilisema.

Ile sijui ya birikani ilikuwa ya kweli. Hii haikuwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kabisa ninachofanya.

Hebu niulize sasa niliyoshindwa kuuliza wakati ule. Kwa nini hakuna mtu katika ukumbi ule aliyeuliza ni watoto wangapi sasa wanaweza kulivuka korongo? Kwa nini hakuna aliyeomba daftari zetu aone alama? Wazee wale walihesabu zamu za maji kwa kivuli cha fimbo bila kukosea, walijua kila mbegu iliyoota, lakini walipoletewa maneno na hesabu walichagua maneno. Na maneno yenyewe yalikuwa yapi? Hasira itoke, mtoto apone. Kama hayo ni ya shetani, basi shetani ana huruma kuliko waliokuwa wakimshtaki. Najua wataniambia kanisa ndilo lililotujengea shule. Ni kweli. Mimi niliubeba ukuta wake.

Tulitolewa nje, wazazi na watoto. Mwalimu alibaki ndani na wazee na msimamizi, mlango ukafungwa. Tulikaa kibarazani kwa muda mrefu. Mama hakunishika wala kunipiga. Aliniambia sikioni, taratibu, "Ukifungua huo mdomo nitaushona kwa sindano ya gunia."

Mlango ulipofunguliwa, mzee alitangaza kwamba birika limefungwa, shauri limekwisha, na hakuna mtoto atakayefuatwa. Alionekana ameridhika. Nami nilifurahi, na furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatatu.

Jumatatu alasiri nilimkuta mwalimu barabarani, amebeba sanduku lake la bati begani, akielekea stesheni ya Mwatate kupanda treni ya Taveta.

"Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Njukini. Nimehamishwa."

"Na mtihani wetu?"

"Mtihani mtaufanya nyinyi. Mimi niliufanya wangu zamani."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni kupuliza maji tu. Kwamba hukujua maana yake. Ungewaambia hivyo wasingekuhamisha."

Aliliteremsha sanduku, akabadilisha bega. "Niliwaambia nilichoona kinafaa," alisema. Kisha, saa kumi ya jioni, jua likitupiga ubavuni, akasema, "Kwawuka."

Sikumwitikia. Nilisimama pale nikamwona mtu mwoga. Mtu aliyefundisha watoto wasiogope maji, naye akaogopa wazee watano na pikipiki. Angeweza kusimama akasema sijui, kama sisi. Alikuwa hajui kweli. Badala yake alikwenda zake kimya, akatuacha mikononi mwa mwalimu mpya aliyeandika kanuni ubaoni na kutuchapa tusipozikariri, wiki sita kabla ya mtihani. Chuki hiyo niliishika vizuri. Niliilea.

Nyanya aliiona. Mchana mmoja alinivuta nyuma ya nyumba, akanipa kibuyu cha maji. "Jaza mdomo," alisema. "Iteme. Utamgonjesha mtu."

"Nani?"

"Huyo unayemkasirikia."

"Wacha augue."

Alinitazama kama hanijui. "Maneno yangu uliyapeleka shuleni kuchekesha watu," alisema. "Sikukukasirikia. Nilijua yatakufaa siku moja. Leo ndiyo siku yenyewe, nawe unakataa."

"Nyanya, maji ni maji. Yakitoka mdomoni yanamwagika, basi. Hakuna kinachotoka nayo."

"Na yakipanda birikani mkiingia, hilo nalo ulilijua kabla hujaambiwa?"

Nikaondoka. Kibuyu alikimwagia mche wa ndizi.

Mtihani niliupita, kwa alama chache tu za juu ya mstari. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na swali la birika. Halikuwapo. Kulikuwa na maswali ya vitambaa na treni mbili zinazokutana. Je, birika ndilo lililonipitisha? Sijui, na sasa nasema sijui ya kweli. Hakuna aliyepima. Ninachojua ni kwamba niliposoma swali la treni nilifumba macho, nikajiuliza kitu gani kinaondoka na kinakwenda wapi, na hapo kabla sikuwa na mazoea hayo. Madebe Mawili, aliyeeleza wastani kuliko kitabu, alianguka. Kanuni za ubaoni hazikumkaa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na jembe begani na mtoto mgongoni, akaniuliza kama nimeshajua maji yanakwenda wapi baada ya Voi.

Niliendelea na shule, nikaenda chuo kikuu, na huko wanafunzi wenzangu walipokuwa wakiwasifu walimu waliowafumbua macho, mimi nilikuwa nikisimulia kisa cha mwoga wa Rabai. Nilikisimulia vizuri. Watu walicheka pale pa mbuzi.

Miaka kumi na mitatu baada ya siku ile nilirudi nyumbani kwa kazi ya muda, kupanga majalada ya zamani ya shule kabla hayajaliwa na mchwa. Jalada la shule yetu lilikuwa jembamba. Ndani yake palikuwa na ratiba ya mwalimu, Hesabu Jumanne, Hesabu Alhamisi, na chini yake ripoti ya msimamizi, ukurasa mmoja wa taipu. Niliisoma nimesimama. Ilisema kwamba wazee walikusudia kumwita kila mtoto tena, mmoja mmoja, pamoja na mama yake, mpaka mwenye kosa apatikane na afukuzwe. Lakini hilo halikuhitajika, kwa kuwa mwalimu, alipobaki peke yake mbele yao, alikiri kwamba maneno yale ya Kidawida aliwafundisha wasichana yeye mwenyewe.